Neno "kanisa" lilitoka wapi, na je, "eklesia" ni bora kuliko hilo?

"Mwalimu, mimi ni katibu wa kanisa letu dogo la mabati huku Kayole. Mwezi uliopita mchungaji alihubiri kwamba neno 'kanisa' si la Biblia, ni la Kiarabu, na maana yake ni jengo tu. Neno la Biblia, alisema, ni 'eklesia', yaani 'walioitwa watoke'. Sasa anataka jina letu libadilishwe liwe Eklesia, na anasema sisi tulioitwa tutoke hatufai kushiriki ibada na walio ndani ya makanisa. Mama yangu yuko Murang'a na ni mshirika wa kanisa lake tangu utotoni. Shemeji yangu wa Majengo, aliyesoma madrasa, naye ananiambia kwa Kiarabu 'kanasa' ni kufagia, kwa hivyo kanisa huenda ni mahali palipofagiliwa. Nani ana haki? Kamati inakutana mwezi ujao na mimi ndiye nitakayeandika kumbukumbu."

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Ndani yake kuna historia ya neno moja, maana ya neno jingine, na mama yako. Nahisi la mama ndilo linalokusumbua usiku, nitalifikia. Lakini haliwezi kujibiwa sawasawa kabla hatujayaweka maneno yenyewe mezani, kwa sababu mahubiri uliyoyasikia yamejengwa juu ya maneno.

Mchungaji wako ana haki katika jambo moja: "kanisa" tumelipata kutoka Kiarabu. Waarabu husema kanisa, kwa i ndefu, na Wakristo wa Kiarabu hulitumia hadi leo. Kanisa maarufu la Wakopti mjini Cairo, lile lililojengwa juu ya lango la ngome ya Warumi, huitwa kwa Kiarabu al-Kanisa al-Muallaqa, Kanisa Lililoning'inizwa. Kanisa la Kuzaliwa kule Bethlehemu nalo ni kanisa kwa wenyeji wake Waarabu. Kwa hiyo mtu akikuambia hili ni neno la Kiislamu, mwambie hapana. Katika Kurani halimo. Sura ya 22 aya ya 40, inapotaja nyumba za ibada za Wakristo, hutumia neno jingine kabisa, biya. Kuna Waarabu waliokuwa Wakristo kabla Uislamu haujaja, na lugha yao ilihitaji maneno ya ibada yao.

Kiarabu nacho kililipokea kutoka kwa jirani. Kililitoa katika Kiaramu, lugha iliyozungumzwa Galilaya na Shamu nzima kwa karne nyingi. Kwa Kiaramu kuna kitenzi chenye konsonanti k-n-sh, kukusanya, na kutokana nacho kuna kenishta: kusanyiko, na baadaye nyumba ya kusanyiko. Sauti sh ya Kiaramu ilipoingia Kiarabu iligeuka s, kama unavyoona katika neno la amani: Kiaramu shlama, Kiarabu salam, na sisi tukapata salamu. Kiebrania kina ndugu wa neno hilohilo. Bunge la Israeli huitwa Kneset, yaani mkutano, na sinagogi kwa Kiebrania ni beit kneset, nyumba ya mkutano.

Hapa shemeji yako anapata jibu lake, na tafadhali mpe kwa upole kwa sababu alichosema si upuuzi. Ni kweli kwamba kwa Kiarabu kanasa ni kufagia, na ufagio ni miknasa. Mtu aliyefundishwa kutafuta shina la kila neno la Kiarabu lazima atapita hapo. Lakini hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Moja ni la Kiarabu tangu asili, la pili limehamia. Sisi tuna kaa la jikoni, kaa wa baharini na kaa chini, na hakuna mtoto wa Mombasa anayefikiri kwamba kaa wa baharini alipewa jina kwa sababu ya jiko. Neno la kigeni likishavaa nguo za lugha mpya huonekana kama mzaliwa, na hapo ndipo watu hulitafutia wazazi ambao si wake.

Sasa fungua Luka 4:16, Yesu anapoingia katika sinagogi la Nazareti siku ya Sabato. Katika Agano Jipya la Kisiria, ambacho ni tawi la Kiaramu, mahali Kigiriki kinaposema sinagogi, Kisiria husema kenushta. Ni neno la ukoo uleule. Kwa hiyo hili neno unaloambiwa si la Biblia limefungamana na lugha ya watu wa Nazareti kuliko eklesia ya Kigiriki. Sikuambii hivyo ili neno letu lishinde. Ninachotaka ujue ni kwamba hoja ya "hili ni geni, lile ni la Biblia" haisimami, na kwamba kanisa tangu mwanzo wake ni watu waliokusanyika. Jengo lilikuja baadaye, likaazima jina la watu.

Tuje kwa eklesia.

Ukilikata neno hili vipande, mchungaji yuko sawa: ek ni "kutoka", na sehemu ya pili inatokana na kitenzi kaleo, kuita. Kosa ni kudhani kwamba ukijumlisha vipande umepata maana. Chukua matatu unayopanda kutoka Kayole kuja mjini. Jina hilo lilitokana na nauli ya zamani, senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi. Jaribu leo kumpa konda sarafu tatu za senti kumi na kumwambia hiyo ndiyo maana halisi ya neno! Asili ya neno hutuambia lilikotoka. Maana yake tunaambiwa na watu wanaolitumia na namna wanavyolitumia wakati ule unaosoma habari zao.

Wagiriki walilitumiaje? Mjini Athene, karne tano kabla ya Kristo, ekklesia ulikuwa mkutano wa raia wanaume waliopanda kilima cha Pnyx kujadili sheria, vita na kodi. Waliitwa watoke majumbani mwao waje mkutanoni. Mkutano ukiisha walirudi nyumbani kwa wake zao na mbuzi wao. Hakuna aliyeitwa ajitenge na jamii yake. Kinyume chake, waliitwa waje pamoja.

Na katika Agano Jipya lenyewe, soma Matendo 19, ile ghasia ya Efeso. Mafundi wa fedha wamewachochea watu, umati umejaa katika ukumbi wa michezo, wengine wanapiga kelele hivi na wengine vile, na walio wengi hawajui hata kwa nini wamekusanyika. Luka anauitaje umati huo? Ekklesia, katika mstari wa 32 na tena wa 41. Ni watu walewale waliokuwa wakipiga kelele kwa saa mbili wakimtukuza Artemi, mungu wao wa kike. Kama neno lenyewe lingekuwa na maana ya "watakatifu waliotengwa", Luka asingeweza kulitumia hapo. Tafsiri zetu za Kiswahili huweka mkutano au kusanyiko, ndiyo maana msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona, na simlaumu mchungaji kama hajawahi kuliona.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Wakristo wa kwanza hawakulichukua eklesia moja kwa moja kutoka Athene. Walilipata ndani ya Maandiko yao. Karne ya tatu kabla ya Kristo Wayahudi wa Alexandria walianza kutafsiri Torati kwa Kigiriki, na neno la Kiebrania qahal, kusanyiko la Israeli, mara nyingi walilitafsiri ekklesia. Ndiyo sababu Stefano, katika Matendo 7:38, anaweza kutaja ekklesia ya jangwani wakati wa Musa. Hao walikuwa taifa zima: wazee, watoto, wanaonung'unika na wanaoamini. Neno lingine la Kiebrania kwa mkusanyiko, eda, mara nyingi lilitafsiriwa synagoge. Maneno hayo mawili yalitembea pamoja kama mapacha. Yakobo, akiwaandikia Wakristo, anauita mkutano wao sinagogi. Tazama Yakobo 2:2 katika Biblia ya Muungano, ile ya 1952, utaliona wazi.

Ukiwa na Biblia hiyo mkononi, linganisha pia Zaburi 22:22 na Waebrania 2:12. Ni sentensi moja, kwa sababu mwandishi wa Waebrania ananukuu zaburi. Katika Zaburi utasoma "katikati ya kusanyiko nitakusifu". Katika Waebrania utasoma "katikati ya kanisa nitakuimbia sifa". Watafsiri wetu hawakukosea. Walikuwa na maneno mawili yenye maana moja, wakatumia moja pale walipotafsiri Kiebrania na jingine pale walipotafsiri Kigiriki.

Kuna kisa kimoja cha pwani ambacho huwa nakieleza darasani kila mwaka. Eklesia ilikwisha kufika kwetu zamani sana. Wareno walipotia nanga Mombasa mwaka 1498 walikuja na neno lao la kanisa, igreja, ambalo limetokana na Kilatini ecclesia, nacho Kilatini kilikopa Kigiriki ekklesia. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, na ndani yake palikuwa na kanisa lao. Wenyeji walilisikia neno, wakalihusisha na ngome yenyewe, na wanaisimu wengi wanakubali kwamba kutoka igreja tukapata gereza. Ukifika Kilwa Kisiwani utaonyeshwa ngome ya zamani ambayo hadi leo inaitwa Gereza. Fort Jesus ilipofanywa jela na serikali ya kikoloni, kuanzia 1895 hadi 1958, maana ya kufungia watu ilikuwa imekwisha kukomaa. Basi mjukuu wa eklesia kwa Kiswahili ni gereza. Kama asili ya neno ndiyo maana yake, tungelazimika kusema kwamba wafungwa walio katika gereza la Kamiti wako kanisani. Hakuna anayesema hivyo, na ndivyo tunavyojua kwamba njia hiyo ya kufasiri ni mbovu.

Majirani zetu nao wamechagua kila mmoja kivyake. Mama yako kule Murang'a husema kanitha, ambalo ni kanisa letu likiwa limevaa sauti za Kikikuyu. Waganda Waprotestanti husema ekkanisa, lakini Wakatoliki wa nchi hiyohiyo husema Eklezia. Wanyarwanda Wakatoliki wana Kiliziya, kutoka mzizi huohuo wa Kigiriki, na Waprotestanti wao husema Itorero. Waethiopia unaokutana nao Eastleigh husema bete kristiyan, nyumba ya Wakristo. Watu hawa wote wanasoma Mathayo 16:18 ileile. Tofauti za majina zinaonyesha nani alifundisha wapi na kwa lugha gani. Hazionyeshi nani ametoka na nani amebaki ndani.

Na siku ukija mjini kwa shughuli, tembea kidogo. Sinagogi la Wayahudi liko University Way, na jina lake la Kigiriki ni "kukusanya pamoja". Ukishuka utafika Msikiti wa Jamia, na jamia kwa Kiarabu ni kinachokusanya, kutoka shina lilelile lililotupa jamaa, jamii, jumuiya na Ijumaa. Endelea mpaka Holy Family, utakuta Wakatoliki wakitoka misa, wengi wao wakiwa na jumuiya zao ndogondogo mitaani, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa nguvu katika mikutano yao ya 1973 na 1976 hapa hapa Nairobi. Kanisa, sinagogi, jamia, jumuiya, eklesia: lugha tofauti, na kila moja ilipotafuta jina la watu wa dini ilikwenda kwenye wazo la kukusanyika. Mimi hili hunigusa kila ninapopita barabara hizo.

Basi mfanye nini? Nitakueleza ninavyoona, kisha uamuzi ni wenu.

Kubaki na "Kanisa" hakuwapotezei chochote. Kama mchungaji anachotaka ni washirika waache kufikiri kwamba kanisa ni mabati na viti vya plastiki, namuunga mkono kwa moyo wote, na neno kanisa lenyewe linamsaidia. Afundishe asili yake. Atakuwa na mahubiri mazuri zaidi ya yale ya kwanza.

Kuchukua "Eklesia" si dhambi. Ni neno la heshima, na kama nilivyosema, mamilioni ya Wakristo jirani zetu hutumia maneno ya ukoo wake. Hasara yake ni kwamba mpita njia pale Kayole hatalielewa, mtalifafanua kila Jumapili, na kama ufafanuzi wenyewe ni "walioitwa watoke" basi mtakuwa mnafundisha kosa kila Jumapili. Kama mnataka jina jipya linaloonyesha watu badala ya jengo, Kiswahili kina kusanyiko, ushirika na jumuiya, ambayo hata mtoto wa Sunday school anayaelewa. Mimi ningechagua ushirika, lakini hilo ni pendeleo langu.

Wewe ukiwa katibu, kuna upande mwingine wa kuangalia. Ikiwa mmesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, jina na katiba havibadilishwi kwa kura ya kamati peke yake. Mnahitaji idhini ya Msajili wa Vyama, na baada ya hapo mfuatilie akaunti ya benki, paybill, muhuri, na mkataba wa kiwanja. Kabla ya kamati kukaa, tafuta wakili, ikiwezekana anayejua mambo ya vyama, umwonyeshe cheti chenu cha usajili na katiba. Muulize waziwazi: jina likibadilika, kiwanja na akaunti vitabaki kwa jina la nani, na watia sahihi watakuwa akina nani? Simtuhumu mtu. Lakini nimeona ushirika mmoja ambapo jina lilibadilishwa kwa hoja ya Kigiriki, na miezi michache baadaye wazee wakagundua majina yao hayamo kwenye hati. Swali hilo liulizwe mapema na liandikwe katika kumbukumbu, pamoja na jibu lake.

Kuhusu lugha, usitosheke na maneno yangu. Vyuo vya theolojia hapa Nairobi vina walimu wanaofundisha Kigiriki na Kiebrania kila wiki, na wengi wao watakukaribisha ukipiga hodi. Mwalike mmoja aje Kayole akae na mchungaji na kamati, Biblia zikiwa wazi. Mchungaji asikike kwanza, tena kwa heshima. Mtu akisahihishwa mbele ya washirika wake huweka moyo wake jiwe, lakini akisomewa Matendo 19 akiwa ameketi na mwenzake anayemheshimu, anaweza kufurahi.

Sasa mama. Hakuna chochote katika neno eklesia, kwa Kigiriki cha Athene, cha Alexandria au cha Luka, kinachokutaka uache kusali na mama yako. Naandika hili bila kusitasita. Ziko aya ambazo watu hutumia kufundisha utengano, na hizo zina mjadala wake, lakini huu wa neno hauwezi kubeba mzigo huo. Ukianza kuambiwa usimtembelee, usihudhurie mazishi au harusi ya ndugu kwa sababu wako "ndani ya makanisa", au ukikatazwa kuzungumza na watu wa nje kuhusu mambo ya ushirika wenu, hilo si swali la isimu tena na usilibebe peke yako. Kaa na mtu mzima unayemwamini ambaye hayuko chini ya mchungaji huyo: mzee wa ukoo, mshauri nasaha, au mchungaji wa ushirika mwingine. Mwende ana kwa ana. Simu haitoshi kwa jambo kama hilo.

Na siku ya kamati, kabla ya kura, omba dakika tatu. Mwombe mtu mmoja asome Zaburi 22:22 kwa sauti, na mwingine asome Waebrania 2:12. Kisha andika katika kumbukumbu kwamba zilisomwa zote mbili.